Shangazi, saa inasema moyo wangu mbovu na mkanda unasema kichwa hakitulii

BARUA

Shangazi shikamoo. Naandika saa sita usiku nipo huku Tandahimba, watoto wamelala, mume wangu kalala sebuleni kwenye mkeka wiki ya pili sasa na chanzo ni saa ya mkononi, najua ukifika hapo utashangaa lakini naomba unisome mpaka mwisho maana nimeishika simu hii mara tatu nikaiweka.

Mi nina miaka 36, watoto watatu, ni karani kwenye ghala la chama chetu cha msingi, na sasa hivi msimu wa korosho umechanganya, tunapima magunia toka asubuhi mpaka saa tatu saa nne usiku, mizani haipumziki na kila mkulima ana haraka yake, yani unarudi nyumbani miguu imejaa na bado kuna chakula cha kupika. Mdogo wangu wa kiume yuko Dar anauza simu na vifaa Kariakoo, mwezi wa nane alikuja kusalimia akaniletea zawadi mbili, saa janja na mkanda fulani wa mtumba wa kuvaa kichwani unaosoma mawimbi ya ubongo, akaniunganishia kwenye simu, akasema dada wewe unajichosha sana hivi vitakuwa vinakuambia upumzike lini. Alileta kwa upendo, simlaumu.

Sasa shangazi hiyo saa inaonyesha kila kitu, mapigo ya moyo, usingizi, stresi, presha, mpaka sukari, na kuna namba inaitwa HRV. Mdogo wangu yake ilikuwa 68, akanivalisha mimi ikasoma 23. Akacheka akasema labda saa haijakaa vizuri, lakini mi usiku nikaingia kusoma nikaona watu wanasema ikiwa ndogo maana yake mwili umechoka na moyo hauko sawa, toka siku hiyo sina raha. Nikiamka kitu cha kwanza naangalia namba kabla hata ya kuwaangalia watoto. Ikiwa 25 nashukuru, ikiwa 19 mwili wote unalegea na kazini siongei na mtu. Halafu nikitwanga mahindi, kidogo tu, saa inapiga kelele inasema mapigo 156. Shemeji yangu anatwanga debe zima hapo pembeni anaimba.

Mkanda nao una programu yake kwenye simu, unakaa kimya unafumba macho, kichwa kikiwa na mawazo unasikia upepo unavuma kwenye spika za masikioni, kikitulia unasikia ndege wanalia. Shangazi nimekaa nao wiki tatu, kila usiku baada ya swala ya isha, nusu saa kitandani, sijawahi kusikia ndege zaidi ya mara mbili. Upepo tu. Najitahidi kweli, nakaa sina hata simu mkononi, nina bakuli langu la mchele tu natafuna taratibu (mchele mbichi, mwaka huu umenikamata huo siuwezi kuuacha, hata ghalani nakuwa nao kwenye mkoba), lakini wapi. Nikaanza kuogopa labda ubongo ndio una shida, maana hata kusahau nasahau siku hizi, juzi nimeandika uzito wa gunia moja mara mbili kwenye daftari ikabidi mkulima wa watu arudi, nimeona aibu.

Kilichovunja nyumba ni hiki. Usiku mmoja nilimvalisha mume wangu ile saa akiwa kalala nikitaka kujua na yeye moyo wake ukoje. Ikasoma mapigo 49. Nilijua anakufa. Nilimtikisa nikapiga kelele saa tisa usiku mpaka majirani wakaja na tochi, mtu wa watu kaamka hajui hili wala lile. Akanisamehe. Siku ya nne nikarudia, ikasoma 47, nikamwamsha tena. Hapo akachukua mkeka akasema mpaka hiyo saa itoke chumbani ndio na yeye atarudi. Tukamwita mjomba, na unajua kwetu Wamakonde mjomba akishasema amesema, akaishika ile saa akaigeuza akaona zile taa za kijani zinawaka chini yake, akasema moyo wa mtu hauhesabiwi, ukiuhesabu unaukaribishia ugonjwa, tupa.

Sijatupa. Nimeificha kwenye kabati. Na ukweli wangu shangazi ni kwamba kweli sijisikii vizuri, nikipanda kutoka bondeni na ndoo nasimama mara tatu moyo unadunda mpaka masikioni, zamani sikuwa hivo, na siku zangu za mwezi nazo zimekuwa ndefu, nane mpaka tisa na nyingi, lakini hilo nishalizoea toka mtoto wa mwisho. Malipo ya korosho zetu yameingia, nimetenga laki saba niende Dar nikapimwe moyo na ubongo, mume wangu anasema hizo ni ada za watoto. Nifanyeje? Nitupe vitu vya watu? Niende Dar? Moyo wangu ni mbovu kweli?

Karani, Tandahimba

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, pole sana, na umefanya vizuri kuandika.

Naanza na kitu ambacho wewe hukukiuliza. Umeniandikia habari ndefu za namba za saa na upepo wa mkanda, halafu kwa mstari mmoja mmoja, kama mtu anayepita tu, umenitajia mchele mbichi, siku tisa za damu nyingi, na kusimama mara tatu kwenye mlima ambao zamani ulikuwa unaupanda. Nimekuwa nesi miaka 27 huku huku kusini, nusu yake wodi ya wazazi, na mwanamke akiniletea hayo matatu kwa pamoja mi simuulizi saa yake inasemaje, namvuta kope ya chini ya jicho niangalie wekundu, halafu namwandikia kipimo cha wingi wa damu. Hamu ya kutafuna mchele mbichi, au udongo ule wa sokoni, au barafu, inaandamana sana na upungufu wa madini ya chuma mwilini. Na damu ikipungua moyo unalazimika kukimbia, kwa sababu damu ndiyo inayobeba hewa, sasa kama wabebaji wamepungua inabidi wapige safari nyingi zaidi, ndio huo mdundo unaousikia masikioni ukiwa na ndoo kichwani. Hata kusahau na kuandika gunia mara mbili kunaweza kutoka hapo hapo, ukichanganya na kulala kidogo. Siwezi kukuambia kwa barua kwamba ndicho ulicho nacho, mpaka upimwe, lakini ndipo pa kuanzia, na ni kipimo cha tone la damu kidoleni hapo hapo wilayani kwako, huhitaji laki saba.

Sasa tuje kwenye saa maana najua bila kukuelewesha hutalala.

Zile taa za kijani alizoziona mjomba ndizo kazi yenyewe. Damu inanyonya mwanga wa kijani, kila moyo ukipiga mishipa midogo ya mkononi inajaa damu kidogo, mwanga unaorudi kwenye saa unapungua, kisha unaongezeka, saa inahesabu kupungua na kuongezeka. Kwa hiyo saa haiusikilizi moyo wako, inaangalia mwanga kwenye ngozi na kukisia. Ukikaa kimya umetulia, mkanda wa saa umebana vizuri, inakisia vizuri tu hata saa za bei ndogo. Ukianza kutwanga ndio tatizo, mchi unapanda unashuka, mkono unatikisika kwa mdundo, damu nayo inasukumwa na huo mtikisiko na saa inaweza kuuchukua mdundo wa mchi ikadhani ni wa moyo. Na hata kama 156 ilikuwa ya kweli, kutwanga ni kazi, moyo wa mtu wa miaka 36 ukiwa kwenye kazi nzito una haki ya kufika huko, hesabu ya haraka wanayotumia watu wa mazoezi ni 220 toa umri wako, yani 184 ndio kama dari lake. Ila kwako wewe, kama ilikuwa kweli, na ulikuwa umetwanga kidogo tu, basi ni kidole kingine kinachoonyesha kwenye damu.

Mi mwenyewe siku moja niliichukua saa ya mjukuu wangu nikaifunga kwenye muhogo uliomenywa. Ikahangaika kidogo ikaleta 74. Muhogo mwanangu. Sikusimulii ili uidharau saa, nakusimulia ujue kwamba hicho kifaa kimetengenezwa kitoe namba, hata pale ambapo jibu la haki lilikuwa kunyamaza.

Ukitaka kuhakiki, kaa kwenye kiti dakika tano, weka vidole viwili vya katikati chini ya kidole gumba kwenye kifundo cha mkono, hesabu mapigo sekunde sitini kamili. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Usikie pia mwendo wake, kama ni wa mpangilio au unarukaruka ovyo. Pigo moja moja la kuruka linawapata watu wengi wazima, chai nyingi, enaji, kukosa usingizi, vyote vinaleta. Mwendo uliovurugika muda wote ndio wa kupelekwa kwa daktari, kwa sababu kuna aina ya mapigo yaliyovurugika ambayo damu inatulia ndani ya moyo inaganda na inaweza kupanda kichwani ikaleta kiharusi.

HRV sasa. Moyo mzima haupigi kama saa ya ukutani, nafasi kati ya pigo na pigo inabadilika badilika, moja sekunde 0.80, inayofuata 0.84, inayofuata 0.79, na huko kupishana ndiko wanakokupima, kwa vipande vya elfu moja vya sekunde. Kupishana ni kuzuri, kunaonyesha mishipa ya fahamu inaukaza na kuulegeza moyo kama mtu anayejua kuendesha baiskeli. Lakini namba yake inatofautiana mno mtu na mtu, inashuka kadri umri unavyosogea, na saa zenyewe hazitumii hesabu moja, ile ya Apple ina kanuni yake na nyingi za kampuni nyingine zina kanuni tofauti, kwa hiyo hata ndugu wawili wenye saa mbili tofauti hawana cha kulinganisha. Mdogo wako ni kijana, anauza simu amekaa dukani, alikuwa likizo. Wewe una watoto watatu na mizani mpaka saa nne usiku. 68 yake na 23 yako havikai kwenye mzani mmoja, wewe karani unajua huwezi kupima korosho na mbaazi ukasema gunia moja limeibiwa. Kama utaitumia hiyo namba, angalia ya kwako kwa wiki nzima na wiki nyingine, ukiwa umelala vizuri ikoje, ukiwa na homa ikoje. 25 leo na 19 kesho ni kitu kimoja, na hasa inapopimwa kwa mwanga mkononi. Wanaotaka kuipima kwa uhakika zaidi wanavaa mkanda wa kifuani unaoshika umeme wenyewe wa moyo, kampuni ya Polar ya Finland, iliyoanzishwa mwaka 1977, inaitengeneza, lakini usiende kununua, huuhitaji.

Kuna kitu kimoja kizuri ambacho hivi vifaa vinafundisha nami nataka ukijue, kwa sababu hiki ni bure. Weka vidole kwenye mapigo, vuta pumzi polepole kwa kuhesabu tano, toa kwa kuhesabu tano. Utasikia chini ya vidole, ukivuta moyo unaharakisha, ukitoa unapunguza. Ukipumua hivo, mara sita kwa dakika, ule kupishana wa mapigo unakuwa mkubwa na mwili unatulia, hakuna uchawi wowote, ni pumzi inaongea na moyo. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walipima watu wakisali rozari kwa Kilatini, wakakuta pumzi zao zimeshuka zenyewe zikafika kama sita kwa dakika na moyo ukafuata. Wewe unasema unakaa baada ya isha. Leta nyiradi zako taratibu, kwa pumzi ndefu, halafu kama unataka weka vidole kwenye mapigo uone mwenyewe.

Mkanda wa kichwani ndio nimeusikitikia zaidi, wiki tatu za upepo.

Mawimbi ya ubongo ni kweli yapo, daktari mmoja Mjerumani, Hans Berger, ndiye wa kwanza kuyarekodi kwa binadamu mwaka 1924 huko Jena, akatangaza mwaka 1929. Lakini ni madogo mno. Chukua betri moja ya tochi, gawa nguvu yake mara elfu thelathini, kipande kimoja ndio kama kile kinachofika juu ya ngozi ya paji la uso. Umeme wa moyo unaofika kifuani ni kama mara ishirini ya huo. Na misuli ya taya? Ukikaza meno tu, ukikunja uso, ukipepesa jicho, kelele yake inayafunika mawimbi ya ubongo kabisa. Sasa wewe unakaa kitandani na bakuli la mchele unatafuna, nusu saa, na misuli mikubwa ya kutafunia iko hapo hapo kando ya kichwa mkanda ulipokaa. Mkanda ulichosikia ni meno yako yakivunja mchele mwanangu, ukakupigia upepo. Ubongo wako hata haukupata nafasi ya kusikilizwa.

Ongeza na mafuta ya nazi kwenye paji la uso na nywele zilizosukwa nyuma ya masikio, vile vibati vya mkanda vinavyosoma umeme vinataka kugusa ngozi tupu iliyosafishwa, ikiwa na unyevu kidogo ndio bora. Na hata ukikaa sawasawa, mikanda ya nyumbani mingi ina vibati kama vinne, hospitali wanakupaka dawa maalum na kukuwekea kama ishirini na moja kichwa kizima, na anayesoma karatasi ni mtu aliyesomea. Mkanda wako hauwezi kusema una kifafa au huna, hauwezi kusema akili imeharibika. Unaloweza kufanya nalo ni jambo moja: osha uso, acha mchele, fumba macho, legeza taya, kaa. Ukifumba macho ubongo wa watu wengi unaanza kutoa wimbi la polepole la mara 8 mpaka 12 kwa sekunde, ukifumbua linapungua, Berger mwenyewe aliliona hilo. Ukisikia ndege vizuri, usiposikia hujakosa kitu. Mi kwa maoni yangu vidole kwenye mapigo vinatosha.

Kwenye presha na sukari hapo nitakuwa mkali. Usiziangalie kabisa kwenye hiyo saa na usimruhusu mtu yeyote wa nyumbani, hasa mzee mwenye sukari, kupanga dawa kwa kutazama hapo. Februari 2024 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, iliwaonya watu kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mtu anaweza kuchoma insulini kwa namba ya uongo akazimia. Presha ipimwe kwa mashine ya kufunga mkononi inayojaa upepo.

Haya, mumeo. Mwanaume anayefanya kazi za mwili, usiku wa manane akiwa kwenye usingizi mzito, mapigo 49 au 47 ni ya kawaida kabisa, ndio moyo wenye nguvu unavyopumzika. Ningeuliza zaidi kama mchana anapata kizunguzungu, au amewahi kuzimia, au usiku anakoroma halafu pumzi inakatika kabisa kwa muda kisha anashtuka. Kama hakuna, hana kosa na hana ugonjwa, umemkatisha usingizi mara mbili. Mwambie hivo hivo, kwa maneno yako, mpe chakula chake kwanza umwambie nilikuogopea. Mtu anayeamshwa na kelele kwa sababu mkewe alidhani anakufa, ndani ya hasira kuna kitu kingine anachokijua. Saa ilale sebuleni, yeye arudi chumbani.

Na mjomba usimpinge. Moyo unahesabika na ni vizuri uhesabiwe, huo ndio ulikuwa mkate wangu miaka yote, lakini kwamba kuhesabu kunaweza kumkaribishia mtu ugonjwa hilo kaliona kwa macho yake kwako. Mwaka 2017 wataalamu wa usingizi wa Marekani waliandika kuhusu wagonjwa waliokuwa wanakosa usingizi kwa sababu ya vifaa vya kupima usingizi, yani mtu analala anaamka anatafuta alama, hakupata nzuri, kesho anaingia kitandani na hofu. Wewe unaangalia namba kabla ya watoto. Nenda kwa mjomba umwambie umesikia, hukutupa kwa sababu ni zawadi ya ndugu, ila haivaliwi tena usiku wala haivalishwi mtu mwingine, na kwamba unakwenda kupimwa damu. Naamini atakubali.

Sitasema hizi saa hazina kazi. Marekani kuna utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2019, watu zaidi ya laki nne walivaa saa ya Apple, waliopewa taarifa kwamba mapigo yao hayana mpangilio walikuwa kama nusu ya asilimia moja tu, na wale kati yao waliokubali kubandikwa kifaa cha kitabibu kifuani kwa siku kadhaa, kama theluthi moja ndio walikutwa na ile hitilafu ya mapigo yaliyovurugika katika siku hizo. Kwa hiyo saa nzuri ikikuambia kitu ni sababu ya kwenda kuangaliwa, hukumu inatoka kwa aliyekushika mkono. Yako wewe hata hiyo taarifa haikukupa, ilikupa 23.

Dar usiende kwanza. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo na wanafanya kazi kubwa, lakini huko unakwenda ukiwa na barua ya daktari anayesema kwa nini. Kama daktari wa wilaya akitaka moyo uangaliwe zaidi atakuandikia ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na hata kama itabidi ushuke hospitali ya Ligula hapo Mtwara, ni nauli ya kwenda na kurudi siku moja. ECG ni kulala kitandani, wanakubandika waya kumi, dakika chache karatasi inatoka, haiumi. Mdachi aliyeianzisha, Einthoven, wagonjwa wake walikuwa wanatumbukiza mikono miwili na mguu mmoja kwenye ndoo za maji ya chumvi ili umeme upite, na mashine yake ilihitaji watu watano kuiendesha, akapewa Nobel mwaka 1924. Leo kazi hiyo inafanywa na mashine ya kubebeka mkononi.

Lakini kama yakitokea haya usingoje Jumatatu wala barua yangu, panda bodaboda usiku huo huo: maumivu ya kifua yanayokandamiza, kuzimia, kukosa pumzi ukiwa umekaa tu, upande mmoja wa mwili kulegea au mdomo kupinda, au damu ya mwezi inayolowesha pedi kila saa.

Ukifika kwa daktari usianze na saa, maana utatumia dakika zako zote kuelezea saa. Chukua kipande cha karatasi kama unavyoandika daftari la ghala, andika siku ngapi unatoka damu, pedi ngapi kwa siku, tangu lini, mchele tangu lini, mlima unasimama mara ngapi. Mchele usiuonee aibu, hilo ni la kwanza kumwambia. Omba wapime wingi wa damu, kwa mwanamke asiye mjamzito ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita ni pungufu, na kama ni pungufu waulize sababu, maana kumeza vidonge tu huku damu inaendelea kutoka ni kujaza mtungi uliotoboka. Inaweza kuwa uvimbe kwenye kizazi, inaweza kuwa minyoo ya safura, inaweza kuwa homoni, kila kimoja kina njia yake. Usijinunulie fefo, vile vidonge vya kuongeza damu, dukani kabla ya kipimo. Wakikupa, zimeze kama walivyosema na usishtuke choo kikiwa cheusi. Chai weka mbali na chakula, lisaa limoja au mawili, inazuia chuma kisiingie mwilini. Kisamvu, dagaa, maini ukiyapata, na huu ndio msimu wa mabibo, hayo mabibo yanayooza chini ya mikorosho yenu yamejaa vitamini C ambayo inasaidia chuma cha mboga kuingia, kula bibo bichi lililooshwa pamoja na mboga yako, uraka, ile pombe ya mabibo, waachie wengine.

Na omba ruhusa ghalani. Mwambie mwenzako akushikie daftari Jumatatu asubuhi kabla mizani haijafunguliwa, mumeo akusindikize, kwa kuwa njiani mtapata pa kuongea. Laki saba irudi kwenye ada. Ukipata majibu niandikie namba ya damu, hiyo naisubiri.

Shangazi